Vifuniko vya Tumba

Uliona. Usiseme hukuona. Ulikuwa umekaa pale kando ya bwawa la kuogelea, Jumapili mchana, wewe na familia yako, meza imejaa, na mbele yenu mtu mzima mwenye shati la maua alikuwa akipiga tumba, zile ngoma mbili ndefu za kupigwa kwa viganja. Ulimtupia jicho mara moja, ukaona mkono wake bado uko hewani wakati mlio umeshapita. Ukakunja uso kidogo. Kuna kitu hakikukaa sawa, na ulijua hakikukaa sawa. Kisha mhudumu akaleta barafu, ukageuza kichwa, ukarudi kwenye sahani yako. Ndivyo watu wanavyofanya wakiwa wameshiba. Hawasemi uongo, wanageuza kichwa tu.

Basi leo geuka huku, usikie ulichokipa kisogo.

Mtu yule anaitwa Kiganja. Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua mama yake na mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Kwa wengine wote ni Kiganja, kwa sababu ya viganja vyake, vipana kama makasia, vigumu kama soli ya kiatu. Mke wake ni fundi wa cherehani katika hoteli ileile. Chumba chake cha kazi kiko chini, nyuma ya mashine za kufulia, na hakina dirisha ila tundu la feni isiyozunguka. Humo ndimo anamopunguza suruali za wahudumu waliokonda na kupanua za wapishi walionenepa. Mapazia ya vyumba vyote, yale uliyoyafungua asubuhi ukasema loo, pindo zake zimepita mikononi mwake.

Siku meneja aliposhuka mwenyewe mpaka chini, wafuaji walizima redio. Meneja hashuki. Akimtaka mtu, anamwita.

“Fundi, habari za kazi?”

“Nzuri, bosi. Karibu.”

“Nina kazi ndogo. Vifuniko viwili vya mviringo. Juu kitambaa cheusi, katikati sponji nene, chini mpira wa kubana. Kimoja kikubwa kidogo kuliko mwenzake.” Akatoa mfukoni kamba yenye mafundo. “Vipimo hivi hapa.”

Fundi aliipokea kamba lakini hakuhitaji kuinyoosha. Nyuso zile mbili alikuwa akizipangusa vumbi tangu alipoolewa. Angeweza kukata kitambaa macho yamefungwa.

“Hivi ni vya meza za bustanini, bosi?” aliuliza, akijua fika kwamba si vya meza.

“Vya ngoma za mumeo.”

“Vya kuzuia vumbi.”

“Vya kuzuia sauti.”

Mashine moja ya kufulia ilikuwa ikizunguka na vifungo vya koti la mtu vikigonga bati, ka, ka, ka. Meneja akasogea ili asilazimike kupaza sauti.

“Unakumbuka siku ile walipopiga kutwa nzima, kujaribu vipaza sauti vipya? Ilitoka safi sana. Sasa imo ndani ya mtambo, na mtambo hauchelewi, hauugui, hauombi nyongeza. Bendi tunaipumzisha. Lakini wageni wanapenda kuona mikono, si unajua wageni? Kwa hiyo nimewabakiza wawili, mumeo na yule wa tarumbeta. Watakaa pale, watafanyafanya, sauti itatoka kwenye spika.”

“Watafanyafanya.”

“Wataigiza. Kazi nyepesi kuliko zote hapa. Ningekuwa mimi ningeshukuru.”

“Na yeye ameshaambiwa?”

“Ataambiwa leo. Wewe shona.” Alishika kitasa, akageuka. “Na fundi, mshono usionekane. Sitaki wageni wagundue.”

Akapanda zake. Wafuaji hawakuiwasha tena redio. Mmoja wao, mama mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni, alikuja akasimama mlangoni, akatazama kile kitambaa cheusi mezani.

“Shoga, unashona sanda ya nani?”

“Ya mke mwenzangu,” fundi akajibu, na wote wawili wakacheka, kisha wakaacha.

Maana huo ulikuwa utani wao wa miaka. Fundi alizoea kuwaambia wenzake kwamba ana mke mwenza nyumbani, tumbo tupu na ngozi ya ng’ombe, hapiki wala hafui, lakini ndiye anayepakwa mafuta kila asubuhi. Aliusema kwa uchungu wa kujifanya, na chini ya uchungu huo palikuwa na majivuno. Hakuna mfuaji wala mpishi ambaye mume wake, akikaa kitini na kugusa ngozi mara moja tu, watu waliokuwa wakitafuna wanasahau kumeza.

Angeweza kushona ovyo. Wazo hilo lilimjia alipokuwa akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Sponji nyembamba, mpira legevu, mshono wa kufumuka katikati ya wimbo. Alikanyaga kanyagio la cherehani, na mkono wake ukashona ulivyozoea, sawa na imara, pindo limefichwa ndani kwa ndani. Alijaribu kupotosha mstari mmoja. Akaufumua mwenyewe, akaushona upya. Hakujua kufanya vinginevyo, na siku hiyo alijichukia kwa hilo.

*

Jua lilikuwa bado halijashuka alipofika nyumbani. Vyumba viwili, ua mmoja wa kuchangia na majirani, na santuri ikilia. Unaijua jazi ya Kuba? Usiseme unaijua kwa sababu uliisikia ndani ya lifti. Hii ni ile iliyozaliwa watu weusi wa Kuba walipokutana na watu weusi wa Amerika, hawasikilizani lugha hata neno moja, wakasikilizana kwa mikono. Watu ambao babu zao walivushwa bahari kwa minyororo, wakanyang’anywa majina na miungu, lakini kitu kimoja mnyang’anyi hakujua kwamba ni mali, akakiacha. Kiganja hajui Kihispania. Lakini santuri zake zote anaziimba kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale zinaporuka kwa mikwaruzo, naye anaruka.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, vijiko viwili mkononi, akimfundisha binti yake ambaye hakuomba kufundishwa.

“Baba, hii si ni ileile? Ileile tangu nizaliwe.”

“Ileile? Sikiliza wewe.” Akagonganisha vijiko: ta, ta, ta, akanyamaza kidogo, ta-ta. “Hii ndiyo klave. Upande mmoja mapigo matatu, upande wa pili mawili. Tatu inauliza, mbili inajibu. Ukishaanza, basi, hupindui. Besi inakaa juu yake, piano inakaa juu yake, tarumbeta, mimi, mpaka anayecheza. Siku ukipindua, ni kama mtu anatembea barabarani, halafu akakanyaga mguu wa kulia mara mbili.”

“Si atasonga mbele tu?”

“Atasonga. Lakini watu watamuuliza kama anaumwa.”

“Wewe ulikuwa unatembea hivyohivyo ulipokuwa mtoto,” alisema mama yake Kiganja kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi, “na hukuwa unaumwa. Ulikuwa hutaki kwenda dukani.”

Binti akaangua kicheko. Kiganja naye akacheka, akamwona mke wake amesimama mlangoni na mkoba begani, haingii.

“Mama watoto, mbona umesimama kama mgeni? Njoo usikie. Siku ile ya vipaza sauti, nakwambia, sijawahi kupiga hivyo maishani mwangu. Yule kijana wa mitambo alivua vile vidude masikioni akanishika mkono. Ninawaza, wakiniachia nusu saa tu Jumapili, nipige peke yangu na besi...”

“Hodi hapa!”

Alikuwa Shavu, mpiga tarumbeta, na hakungoja akaribishwe. Mashavu yake ambayo watu walizoea kuyaona yamevimba kwa pumzi yalikuwa yameshuka kama mifuko mitupu.

“Karibu, shemeji. Keti,” fundi alisema.

“Siketi. Kiganja, wametufukuza. Wa besi, wa piano, mwimbaji, wote. Tumebaki mimi na wewe.”

“Tumebaki kufanya nini? Tumba na tarumbeta tu?”

Shavu akaeleza. Alieleza vibaya, akirudia maneno, akirukaruka, lakini habari yenyewe ilikuwa fupi. Kiganja alisikiliza, na kwanza akacheka, kicheko cha kweli kabisa, akimtazama binti yake ili naye acheke.

“Nipige ngoma isiyolia? Hata mwendawazimu anapiga debe linalolia!”

Hakuna aliyecheka. Santuri ilikuwa imefika mwisho na sindano ikikwaruza, khaa, khaa, na hakuna aliyekwenda kuinyanyua.

“Watazifunika,” Shavu alisema. “Kuna vifuniko vinashonwa.”

“Vinashonwa na nani?”

Shavu akainama kutazama viatu vyake. Alikuwa ameshaambiwa, na ndiyo maana hakutaka kuketi.

“Vimeshashonwa,” fundi alisema. “Nimeshona mimi. Leo. Nimevimaliza mchana.”

Kiganja alimtazama mke wake. Binti akamtazama baba, na bibi huko kitandani, ambaye husema hasikii vizuri kila anapotumwa kitu, alisikia vizuri sana.

“Umevishona vizuri?” Kiganja aliuliza hatimaye.

“Nimevishona vizuri. Nilitaka kuviharibu. Nikashindwa.”

“Ungeachaje kushindwa,” Kiganja alisema polepole, na akasogea kwenye kigoda ili naye apate pa kukaa. “Njoo uketi. Umesimama tangu asubuhi.”

Usidhani walikumbatiana. Waliketi, mabega yamegusana, wakaanza kuhesabu kwa kichwa yale ambayo hata wewe umeshawahi kuyahesabu: ada ya binti, kodi, dawa ya presha ya bibi. Yote yalikuwa yakitoka mlango mmoja, mlango wa hoteli ile, na kila walipojaribu kuupata mlango mwingine hawakuuona.

“Nitakwenda,” Kiganja alisema. “Mikono ni yangu. Nikiamua kuipunga hewani naipunga. Nani atakufa?”

“Hakuna atakayekufa,” mke wake alisema.

“Basi.”

Lakini hakuinuka kuiweka tena santuri.

*

Jumapili alivaa shati la maua, akanyoa ndevu, akapaka viganja mafuta kama kawaida, kisha akasimama akivitazama viganja vyenyewe, kama mtu aliyekumbuka kwamba safari imeahirishwa wakati ameshafunga mizigo.

Watumishi wa chini hawaruhusiwi kupanda kwenye bwawa wageni wakiwapo. Fundi alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, wenye kioo cha duara, akaona kila kitu. Alimwona mumewe akiketi, akiweka viganja juu ya vile vifuniko, akavilaza hapo, kama anayempima mgonjwa homa. Kitambaa kilikaa sawasawa, hata mkunjo mmoja hakuna. Mshono haukuonekana.

Kijana wa mitambo akabonyeza. Muziki ukatoka kwenye spika, besi, piano, tarumbeta, na katikati yao tumba, tamu, zenye kujiamini, zikicheka. Mikono ya Kiganja ikaanza kwenda. Alichopiga hakikulia. Kilicholia alikipiga siku ile, kwa furaha yake yote, bila kujua kwamba furaha ile inawekwa akiba ili itumike dhidi yake.

Wimbo wa kwanza ukapita. Watu walitafuna. Mama mmoja mwenye miwani ya jua, sahani mkononi, alisimama karibu, akainama, akabonyeza kifuniko kwa kidole. Kikabonyea.

“Jamani, kumbe ni mto!” akawapigia kelele wenzake. “Njooni muone, baba anapiga mto!”

Walikuja watatu wakabonyeza. Mmoja alimpiga picha. Kiganja aliwatabasamia, maana alikuwa kazini, na shingo yake nyuma ikaloa jasho mpaka kwenye kola. Fundi, nyuma ya kioo, aliuma kipande cha kanga yake. Wewe, mtu wa meza ya kando, ndipo ulipoletewa barafu.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa sababu watu wamekisimulia vibaya. Wanasema Kiganja aligoma. Hakugoma. Alitaka kwa moyo wake wote kuendelea, alikuwa akiwaza ada. Ila meneja alitaka muziki usikatike hata mara moja, na kijana wa mitambo, ambaye anajua kazi yake, alikuwa ameuchukua mwisho wa wimbo wa pili akauunga na mwanzo wake, ukawa kama mkufu. Kiungo kilikuwa laini, hakuna mkwaruzo, hakuna pengo. Kilikuwa kimekatwa tu pale ambapo tatu imeuliza, na kabla mbili haijajibu, tatu ikauliza tena.

Mikono ya Kiganja ikasimama.

Ilisimama hewani, yote miwili, vidole vimetanuka. Na tumba zikaendelea kulia. Zikalia kwa ufundi mkubwa, zikapiga vishindo na minong’ono, na mwenye tumba ameketi mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

Meza ya kwanza ikacheka. Ya pili ikadhani ni kiini macho, ikapiga makofi. Kiganja alijaribu kuingia tena. Mikono ikashuka nusu, ikagoma, ikapanda. Akajaribu mara nyingine. Haikuenda. Meneja alikuwa ameshafika, ametabasamu kwa wageni, meno yamebanana.

“Kiganja. Piga.”

“Imepinduka, bosi.”

“Nini kimepinduka?”

“Klave. Pale mlipounga. Besi inakwenda huku, mkono unataka kule.”

“Nani hapa anajua hiyo klave yako? Hebu niambie, nani?”

“Sijui nani anajua. Mimi mikono haiendi.”

“Lakini unaigiza! Hata sauti hutoi!”

“Hata kuigiza haiendi.” Macho yake yalikuwa mekundu, na alisema kama anayeomba radhi. “Nimejaribu, bosi. Umeniona nikijaribu. Haiendi.”

Mlango wa jikoni ukafunguka. Fundi alivuka vigae vile vyeupe na malapa yake ya plastiki, yakipiga kofi kila hatua, mkasi wake wa kazi ukining’inia shingoni kwa utepe. Wahudumu wakampisha njia kabla hajawafikia.

“Wewe! Fundi! Rudi chini!”

“Nimekuja kurekebisha kazi yangu, bosi. Ina kasoro.”

“Kasoro gani? Haionekani kasoro yoyote!”

“Inabana.”

Akachomeka ncha ya mkasi chini ya mpira, akakata. Mpira ukaruka, kitambaa kikafunguka kama ganda, sponji ikadondoka na kubingirika mpaka majini. Akahamia cha pili. Mshono ulikuwa imara, ilibidi aukate kwa nguvu, na alipokuwa akiukata uso wake ulikuwa wa mtu anayeona uchungu kuharibu kazi nzuri na anaiharibu hata hivyo. Ngozi mbili za tumba zikatokea mchana kweupe, zimepauka katikati pale viganja vilipozoea kutua.

Kiganja hakumshukuru. Alimwambia, kama angemwambia mtu wa bendi:

“Nipe klave.”

Spika zilikuwa bado zinalia. Kijana wa mitambo alimtazama meneja, akamtazama Kiganja. Baadaye aliapa kwamba kidole kiliteleza. Kimya kikaanguka juu ya bwawa, kimya cha kuudhi, uma zikasikika kwenye sahani.

Fundi aliutazama mkasi mkononi mwake. Kando yake palikuwa na mwavuli wa meza, wenye mguu wa chuma. Akaugonga. Ta, ta, ta. Akanyamaza mahali pa kunyamaza. Ta-ta. Miaka yote alikuwa akishona kwenye chumba cha pili huku mumewe akifanya mazoezi, mguu kwenye kanyagio, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaijua. Aliijua kama anavyojua njia ya chooni gizani.

Mumewe akaingia.

Hapa kalamu haitoshi, na asiyekuwapo, pole yake. Alianza chini, kwa kisigino cha kiganja, kama anayebisha mlango wa nyumba anayoijua. Akaongeza vidole. Akaacha ngoma kubwa iseme neno moja refu, ngoma ndogo ikamkatiza, zikaanza kubishana kama mashemeji kwenye arusi, na kila zilipokaribia kupigana zilirudi mahali palepale ambapo mkasi ulikuwa ukizingoja. Shavu aliitazama tarumbeta yake kama aliyeiokota, akaitia mdomoni, mashavu yakajaa. Wafuaji walipanda. Wapishi wakatoka na miiko. Mama wa miwani ya jua aliivua, akasimama mdomo wazi, na safari hii hakuchokoza kitu kwa kidole.

Meneja alikuwa akisema jambo. Mdomo wake ulionekana ukisogea.

Mama mwenye mikono iliyobabuka akapiga kigelegele, akawaambia waliokuwa karibu, na hata walio mbali, “Yule na mkasi ni rafiki yangu! Nafanya naye kazi meza moja! Na yule ni mume wake!” Na fundi, ambaye kwa miaka alikuwa akiingia na kutoka hoteli ile kwa mlango wa taka, aliinua kidevu na kugonga chuma kwa nguvu zaidi.

*

Waliachishwa kazi kabla hata jasho halijakauka. Hilo walilitegemea. Wasilolitegemea ni kwamba walipokwenda kuchukua tumba, mlinzi aliweka mkono kifuani kwa Kiganja, mwenyewe akiona aibu, akitazama pembeni.

“Kaka, nimeambiwa zinabaki stoo. Mmeharibu mali ya hoteli.”

“Mali gani?”

“Vifuniko.”

“Vifuniko nilivyovishona mwenyewe!” fundi alisema. “Vitambaa viwili na sponji! Nipe sponji hapa nivishone tena, nimalize kabla hujapumua!”

“Dada, mimi nakuelewa. Lakini mimi mlango tu.”

Zimo stoo mpaka leo, zimewekwa chini ya viti vilivyovunjika, na ngozi inaogopa unyevu. Na sauti ya tumba hizo inaendelea kulia kila Jumapili kwenye spika, imeungwa palepale ilipopinduka. Kitini wamemketisha mtunza bustani, wamemvalisha shati la maua la Kiganja, wamempa ngoma nyingine ya kupunga mikono juu yake. Kijana wa watu alikuja nyumbani kuomba radhi.

“Kaka, nimeambiwa nikae. Ningekataa ningefuata njia yenu.”

“Sina neno na wewe,” Kiganja alimwambia. “Ila kaa wima. Ukijikunja vile utaumia mgongo.”

Wiki iliyofuata familia ile ilitoka mchana kweupe, wote. Wakaketi kwenye kijia cha waendao kwa miguu, mkabala na lango la hoteli. Tumba hawakuwa nazo, wakabeba kreti za matunda. Kiganja aliyaketia masanduku yale kifua mbele, akawaambia waliosimama kwamba hii si mara ya kwanza. Huko Kuba nako waliwahi kukatazwa ngoma zao, wakaenda bandarini wakachukua masanduku ya samaki na ya mishumaa, wakayapiga mpaka waliokataza wakaja kusikiliza. Binti yake, aliyekuwa akisema ni ileile tangu azaliwe, ndiye aliyeshika vijiti vya klave, na ole wake mpita njia aliyethubutu kupiga makofi upande usio wake, alikatwa jicho.

“Unanuka machungwa,” bibi alimwambia mwanawe, akiwa ameketi kwenye kigoda alichobebewa. “Lakini unapiga vizuri kuliko ulivyokuwa ukipiga humo ndani.”

“Kweli, mama?”

“Humo ndani sikuwahi kuingia. Nasema tu.”

Wa besi amekuja. Wa piano amekuja bila piano, anaimba. Wafuaji wakitoka zamu wanavuka barabara na kusimama nao wakiwa bado na aproni zao, wakijua wazi kwamba meneja anawatazama kutoka ghorofani. Madai yao ni mepesi, hata aliyelewa anaweza kuyakariri: tumba zirudi, walioondolewa warudi kazini, na ile sauti ama ilipiwe au ifutwe. Askari wameshakuja kuwaambia wanaziba njia. Fundi aliwaonyesha njia, pana, tupu, wazi. Askari mmoja alibaki nyuma kidogo kusikiliza, kisha akaitwa.

Askari watarudi. Safari hii hawatakuja kusikiliza, na watu wale pale kijiani si wengi kiasi cha kutosha. Hilo ndilo linalotakiwa kwako. Hatutaki machozi, wala useme inasikitisha. Umeweka nafasi ya arusi ya mdogo wako katika ukumbi ule. Piga simu uifute, na useme sababu kwa sauti, mpaka anayepokea aiandike. Kazini kwako wanafanyia sherehe pale. Kataa kwenda, na uwaambie wenzako kwa nini. Halafu nenda mwenyewe. Ni Jumapili, jua bado liko juu, wameshaketi. Simama upande wao wa barabara, mahali ambapo meneja atakuona uso, na askari wakija, wakukute.

Umesoma vya kutosha. Vaa viatu utoke.